Kipimo Kimoja

Fundi alikuwa na tabia moja ya kikazi ambayo mafundi wenzake waliicheka: alimpima mtoto mmoja akashonea wawili. Mwanawe na mtoto wa dada yake walizaliwa msimu mmoja, wakakua bega kwa bega, na kilichomkaa mmoja kilimkaa mwenzake. Sare za shule, suruali za kutokea, makoti ya baridi, zote zilitoka kwenye kipimo kimoja. Aliyekuwa karibu na cherehani ndiye aliyeitwa, akatanua mikono, utepe ukazunguka kifua, basi. Mwanawe alikuwa hafungi mdomo hata pini zikiwa kwenye kola yake, kwa hiyo mtaa ukamwita Domo. Wa dada yake aliitwa Kimya, na sababu kila mtu aliijua.

Hawakuwa wakiitana binamu. Kimya alimwita Fundi mama mdogo, Domo alimwita dada mtu mama mkubwa, na mtoto aliyekosea alichapwa na mama yeyote aliyekuwa karibu.

Halafu likatokea lile la stendi. Domo alikuwa akikata tiketi kwenye kibanda cha stendi ya mabasi, kazi inayotaka mdomo, naye mdomo alikuwa nao wa kugawa. Asubuhi moja mtu aliingia na begi, akalisukuma chini ya benchi la abiria, akaondoka zake. Begi likalipuka. Waliokufa pale walikuwa wengi, na hakuna nyumba mtaani ambayo haikuwa na wa kumlilia. Domo hakufa. Walimtoa chini ya bati la kibanda chake akiwa amevunjika mgongo na taya, na madaktari walipomaliza kazi yao, miguu ilikuwa haisikii tena amri ya mwenyewe.

Kimya alikuja wodini, akakaa pembeni ya kitanda, akatazama waya zilizofunga taya la mwenzake. Alisema maneno machache tu: "Nitawafuata hukohuko walikotoka." Domo alimtumbulia macho. Jibu alikuwa nalo, ila mdomo ulikuwa umefungwa. Kimya akaenda kujiandikisha jeshini. Muda si muda serikali ikatangaza kwamba waliotuma lile begi wako ng'ambo ya mpaka, na kwamba jeshi linavuka kwenda kuwang'oa. Redio ilisema vita vitakuwa vifupi, na watu wakapiga makofi mbele ya redio.

Vita havikuwa vifupi. Waya za Domo zilitolewa, akajifunza kutafuna upya, akanenepa kidogo, akakonda sana, na bado jeshi lilikuwa hukohuko.

Sasa tusidanganyane. Fundi hakuanza kwa kuvipinga vita vile. Siku za mwanzo alitamani ng'ambo yote iwake moto, na alisema hivyo hadharani, huku akikata kitambaa. Kilichomgeuza hakikuwa hesabu ya wafu wala hotuba ya mtu. Ilikuwa sebule ya dada yake.

Kwenye sebule ile palitundikwa picha ya Kimya akiwa na kofia ya chuma na fulana nene ya kuzuia risasi, kifua kimejaa fremu. Mwenyekiti wa mtaa alikwenda kupiga nayo picha. Siku redio ilipotaja kikosi chake, majirani walijazana pale mpaka viatu vikazagaa nje ya mlango, na tangu siku hiyo dada mtu hakuitwa tena kwa jina lake. Alikuwa Mama Shujaa. Foleni ya maji alipishwa. Kwenye misiba alikalishwa mbele. Mwanamke aliyekuwa hawezi kutia uzi kwenye sindano bila kulalamika sasa alikuwa akiulizwa maoni yake kuhusu usalama wa nchi, na akiulizwa, anajibu.

Fundi alibaki Mama Domo. Wageni waliokuja kumwona mwanawe mwezi wa kwanza walikuwa wengi, mwezi wa pili wakapungua, na baadaye aliyebisha hodi alikuwa mteja aliyekosea mlango. Yeye aliyekuwa mdogo tangu tumboni, aliyevaa nguo zilizochakazwa na dada na kusubiri dada ashibe, alimeza mate machungu na kujiambia kwamba huyu mtu sasa hata maumivu amenipokonya. Bomu limempiga mwanangu, sifa zimekwenda kwake. Wivu ule ulikuwa haulali. Alikanyaga cherehani nao, akapiga pasi nao, akaamka nao.

Na kama mtu akitaka sababu safi zaidi, nazo zilikuwepo. Zahanati ya mtaa ilikuwa na mama mmoja wa mazoezi ya viungo, mikono yake migumu, maneno yake matamu. Alikuwa amemfikisha Domo mahali pa kukaa bila mito na kushika kikombe mwenyewe. Siku moja Fundi alimsukuma Domo mpaka zahanati akakuta chumba kimefungwa. Yule mama alikuwa amehamishiwa hospitali ya jeshi, ambako majeruhi walikuwa wakishushwa kwa ndege. Hakuletwa mwingine.

"Ndiyo gharama yenyewe," alisema Kinyozi, ambaye kibanda chake kiligusana ukuta na cha Fundi, na ambaye redio yake iliwalisha wote wawili habari bila kuombwa. "Vita ni vita. Mtu akija kukupiga kwako ukakaa kimya, atarudi."

"Na aliyepigwa ni nani? Wewe?" Fundi alimjibu bila kuinua macho. "Aliyepigwa wamemnyang'anya hata wa kumnyoosha miguu."

"Fundi, usiwe na hasira. Nikuulize jambo moja tu. Tangu waende, umesikia mlio mwingine hapa?"

Ni kweli haukusikika. Fundi akavuta uzi mpaka ukakatika. Domo, aliyekuwa amewekwa mlangoni apate hewa, ndiye aliyejibu.

"Pale stendi kuna mtu anayekagua mizigo?" aliuliza.

Kinyozi akafikiri. "Sijamwona."

"Hayupo. Nimeuliza kila anayetoka safari. Wamepeleka jeshi zima ng'ambo kutafuta mwenye begi, na hapa hawajaweka hata meza moja ya kufungulia mabegi. Sasa kama mlio haujasikika, sijui tuwashukuru wao au tumshukuru Mungu."

"Wewe nawe," alisema Kinyozi, akarudi kwa mteja aliyemwacha na nusu ndevu. Kwa haki, Kinyozi hakuwa mtu mbaya. Alimnyoa Domo bure na kwa upole kuliko alivyowanyoa waliolipa, ila mawazo yake hayakumtoka kirahisi.

Basi ikaja habari kwamba Kimya anarudi. Dada mtu aliingia kibandani bila kupiga hodi, amebeba kitambaa cha suti cha rangi ya majivu, kizito, kizuri, cha kumtia fundi yeyote uchu wa mkasi.

"Mdogo wangu, mwanao anarudi," alisema, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Nafanya shughuli. Mwenyekiti atakuwepo, na watu wa redio wamesema huenda wakaja. Nataka ashuke kwenye gari, aingie ndani, avue yale magwanda, atoke na suti mbele za watu. Mshonee."

"Nimshoneeje na sijamwona? Nitampima akifika."

"Akifika ni siku hiyohiyo ya shughuli. We mpime Domo kama zamani, si kipimo chao kimoja? Halafu uongeze kifuani na mabegani. Umeona picha. Yule sasa ni mwanajeshi, si kama..."

Akaishia hapo. Alikohoa, akasifia kitambaa, akauliza bei ya vifungo. Fundi alijitia hamnazo, akasema vifungo vipo, akamsindikiza mpaka nje kwa tabasamu. Aliporudi ndani alikibwaga kitambaa mezani. Si kama nani? Si kama huyu wangu aliyekaa mlangoni, ndiye uliyetaka kumtaja.

Hapo ndipo shetani alipomkalia begani, na hakumfukuza. Amesema nimpime Domo, si ndiyo? Nitampima Domo. Nitampima kama alivyo leo, sitaongeza hata upana wa kidole. Acha shujaa wake asimame mbele ya mwenyekiti na watu wa redio koti likigoma kufunga, mikono inaning'inia nje kama ya mtoto aliyevaa sare ya mwaka juzi. Akiulizwa atasema alifanya alivyoambiwa. Watu wacheke. Dada aone siku moja tu inakuwaje kutazamwa kwa huruma.

Jioni ile, kabla jua halijazama, alimsogeza Domo karibu na dirisha, akautoa utepe shingoni.

"Unanishonea nini?" Domo aliuliza.

"Si yako. Ya Kimya."

"Mama, Kimya hafanani na mimi tena."

"Nyoosha mkono."

Alinyoosha. Utepe ulizunguka kifua ukabaki mrefu, mrefu kuliko Fundi alivyotegemea, na kwa muda hakuweza kusoma namba kwa sababu ya machozi. Mabega yalikuwa yameanguka. Alikuwa akimwogesha kila siku na bado hakuwa ameona ni kiasi gani kimepotea, mpaka utepe ulipomwambia.

"Unajua," Domo alisema, akitazama nje, "siku ile wodini ningekuwa na mdomo ningemwambia akae. Ningemwambia, ndugu yangu, unaenda kumtafuta nani? Kaa hapa unisukume kiti. Mimi sikumtuma. Lakini kila mtu anasema amekwenda kwa ajili yangu."

"Unamwonea wivu?"

"Sana," alisema Domo, bila kuficha. "Anatembea."

Fundi akaandika vipimo kwa chaki juu ya meza, akaanza kukata. Na hapa alifanya jambo ambalo fundi hamfanyii hata mteja asiyelipa. Ndani ya kila mshono wa suti huachwa kitambaa cha akiba, kimekunjwa, kisionekane, ili mwenye suti akinenepa koti lifumuliwe na kuongezwa. Fundi alikikata chote. Alipita kila mshono na mkasi mpaka hakikubaki cha kushika, akafunika bitana juu yake, akashona kwa nyuzi ndogondogo nzuri sana. Suti ile haikuwa na mlango wa kurudi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na aliifanya kwa chuki.

Siku ya shughuli nyumba ya dada mtu ilifurika. Nyumba ile ilikuwa ghorofani, na ngazi zake nyembamba hazikupitisha kiti cha magurudumu. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, au waliolifikiria walinyamaza, kwa hiyo Domo alibaki nyumbani na redio ya kuazima kwa Kinyozi. Fundi alipanda peke yake, suti mkononi ndani ya mfuko, akiwa na hamu mbaya.

Gari lilifika. Vigelegele vilipigwa. Kimya aliingia akiwa amevaa koti kubwa la jeshi lililofungwa mpaka shingoni, akasalimia kila mkono ulionyooshwa, na alipofika kwa Fundi alisimama.

"Shikamoo, mama mdogo. Domo yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko nyumbani. Ngazi," alisema Fundi.

Kimya alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia zaidi ya alichoambiwa. Dada mtu akamshika mkono, akamvuta chumbani, akamwita na mdogo wake aje amvalishe, kwa sababu anayejua suti ni aliyeishona. Mlango ukafungwa. Nje mwenyekiti alikuwa amekwisha kuanza kusafisha koo.

Kimya akafungua koti la jeshi, akavua na shati.

Mbavu zilihesabika. Shingo ilikuwa imechomoza mishipa, mabega yalikuwa yameshuka, na alipoinua mikono kuvaa, mikono ilitetemeka na hakujisumbua kuificha. Ile picha ya sebuleni ilikuwa picha ya fulana ya kuzuia risasi, mwenyewe alikuwa ndani yake amepotea. Dada mtu alirudi nyuma mpaka kitanda kikampiga miguuni, akakaa.

"Mwanangu, hawakuwa wakiwapa chakula?"

"Chakula kilikuwepo, mama. Hakikai."

Fundi alikuwa amelishika koti, na sasa hakutaka kabisa kulitoa kwenye mfuko. Lakini Kimya alikuwa amekwisha kugeuka na kuweka mikono nyuma, kama alivyokuwa akifanya tangu akiwa darasa la kwanza. Akamvalisha. Koti lilipanda mabegani likatulia. Mikono ilikomea palepale mikono inapotakiwa kukomea. Akafunga kifungo, na kifungo kikaingia kwenye tundu lake bila kubanwa wala kulegea. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwa amewahi kuona nguo imemkaa mtu vile.

"Ulijuaje?" dada mtu aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nilikwambia uongeze."

"Nilimpima Domo," alisema Fundi. "Kama ulivyosema."

Dada mtu alimwangalia, akamwangalia mwanawe, akaelewa nusu ile iliyokuwa ikimhusu yeye: kwamba mwanawe amekwisha kama Domo. Akaanza kulia, si kwa sauti, maana nje kulikuwa na wageni. Fundi alitamani amkumbatie. Wivu wote ule, aliokuwa ameulea kama mtoto wa tatu, alikuwa ameushika mkononi na haukuwa na kazi tena. Alikuwa amemwonea dada yake kijicho kwa kitu ambacho dada yake hakuwa nacho.

Walitoka. Watu walishangilia, wakasema kumbe jeshi linakaza mwili, wakamsifia Fundi kwa mkono wake. Mwenyekiti alizungumza kuhusu gharama ya amani, na kwamba hakuna gharama isiyostahili. Kinyozi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango akiwa tayari kupiga makofi, alimtazama Kimya kwa jicho la mtu anayegusa vichwa vya watu kila siku, akaona mashavu yalivyobonyea, na mikono yake ikabaki mifukoni. Kimya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mama yake anakwenda mara moja, akashuka ngazi, na Fundi akamfuata.

Domo alikuwa dirishani. Aliposikia hatua aligeuza kiti, na walipoonana Domo alitazama kwanza suti, kisha wakatazamana miili, kama watu wawili waliokutana wamevaa nguo ya aina moja.

"Umekonda," alisema Domo.

"Wewe ndiye uliyenitangulia," alisema Kimya, akakaa sakafuni na suti yake mpya, mgongo ukutani, bega limegusa gurudumu. Fundi alisimama mlangoni.

"Nikuulize," alisema Domo. "Mlimpata? Yule wa begi?"

Kimya alifungua kifungo cha koti. "Sijui. Tulipewa mahali, tukaambiwa wamejificha hapo. Tukapapiga usiku. Asubuhi tulipoingia nikaona pembeni kulikuwa na stendi. Ilikuwa na benchi, na kibanda cha tiketi."

Domo, ambaye alikuwa na neno kwa kila kitu duniani, alitafuta neno akalikosa. Aliushusha mkono wake, akauweka juu ya kichwa cha mwenzake, na kichwa kile hakikusogea.

Baada ya muda Kimya aliinua uso. "Mama mdogo, imenikaa vizuri mno. Lakini daktari amesema nitarudi mwili taratibu, nikitulia. Umeacha kitambaa ndani? Nikinenepa utanifumulia?"

"Nimeacha," alisema Fundi.

Ilimtoka kabla hajafikiri. Kimya alikuwa amekulia chini ya meza ile ya kukatia. Aliokota pini na kukunja bitana kabla hajajua kusoma. Akaukamata mshono wa ubavuni kwa vidole viwili, akaupapasa polepole kutoka kwapani kushuka mpaka kwenye upindo, akatafuta unene ambao vidole vyake vilijua lazima uwepo. Akahamia ubavu wa pili. Akafika mwisho bila kuukuta.

Alimtazama mama yake mdogo, na Fundi hakuweza kuyakimbia macho yale.

"Haya, mama mdogo," alisema Kimya, akalifunga koti vizuri.